Yeye anakusikia, wewe humsikii: sauti imepotelea wapi?

Leo tuongelee simu za intaneti zinazosikika upande mmoja tu.

Ilikuwa Desemba 2023, siku chache baada ya maporomoko ya tope ya Mlima Hanang kuikumba Katesh tarehe 3. Nilikuwa zamu kwenye kafe moja hapa Mbulu mjini. Akaingia mama mmoja toka Katesh, kaja kujihifadhi kwa nduguze. Mwanae aliyeko Ujerumani alikuwa kamfungulia akaunti ya simu kwenye seva ya ofisini kwao. Simu ikaita, ikapokelewa. "Haloo? Mwanangu?" Kimya. Mara ujumbe ukaingia: "Mama nakusikia, ongea!" Yeye hasikii kitu. We acha tu.

Wengi tungesema neti mbovu. Mimi nikafungua Wireshark, programu ya bure ya kunasa pakiti (wakongwe waliijua kama Ethereal hadi 2006), nikamwomba mama apige tena.

Elewa hivi: simu ya namna hii ina kazi mbili. SIP inaita na kupatana sauti iletwe anwani gani. RTP ndiyo inabeba sauti yenyewe, na kila upande una mkondo wake. Kwa kodeki ya G.711, kwa kawaida ni pakiti 50 kwa sekunde kila upande. Ndiyo maana simu inaweza kuita vizuri, halafu mkondo mmoja ukapotea.

Nikachuja RTP nikahesabu. Zinazotoka: 50 kwa sekunde. Zinazoingia: sifuri. Nikafungua ujumbe wa SIP uitwao INVITE, nikatafuta mstari unaoanza na c=. Nikakuta 192.168.1.14. Mchawi huyo! Hiyo ni anwani ya ndani ya kafe, haifikiki kutoka nje. Ni sawa na kumwambia mtu wa Ujerumani alete mzigo "nyumba ya bati jekundu, jirani na mashine ya kusaga". Ipi sasa?

Nikawasha STUN kwenye programu ya simu. Hiyo inauliza seva ya nje "mimi huko naonekana kwa anwani gani?", kisha inaandika hiyo kwenye INVITE. Tukapiga tena, pakiti zikaanza kumiminika. Mama akashika hedifoni kwa mikono miwili, akanyamaza, anasikiliza tu.

Ukikwama, fuata hivi, ukibadilisha kitu kimoja kimoja:

- Zinatoka, haziingii: angalia anwani, faiawoli, na SIP ALG kwenye ruta. Hiyo ALG mara nyingi inaharibu, izime ujaribu. STUN ikishindwa, tafuta seva ya TURN ipitishe sauti.
- Zinatoka, mwenzio hasikii: naye anase upande wake. Zisipofika kwake, zimekwama njiani.
- Zinatoka na kuingia, bado kimya: sasa ndiyo uangalie hedifoni na maiki.

La mwisho, na ni zito. RTP isiyosimbwa inaweza kuchezwa upya kama kaseti. Kilio cha yule mama kilikuwa ndani ya faili langu, na ningeweza kukisikiliza. Nililifuta mbele yake. Nasa simu yako, au ya mtu aliyekuruhusu. Kunasa mawasiliano ya watu kinyemela ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hata isingekuwepo, si utu.

Nawakilisha. Wenye ujuzi zaidi, ongezeni.