Kumbukumbu za Hospitali: Je, Dawa Ilitolewa Ipasavyo?

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa Kasenyi katika Wilaya ya Kasese, alitujia ofisini na daftari la mama yake. Kama wasomaji wetu wanavyofahamu, hapa Uganda wagonjwa wengi hununua daftari la shule, na humo huandikwa ugonjwa, vipimo na dawa. Mama huyo ana kisukari na hujichoma insulini. Kituo kimoja kilikuwa kimemwandikia achome saa "1.00" na tena saa "1.00". Kituo cha pili kilipolisoma daftari, kiliandika chini yake kwamba mgonjwa hafuati maagizo, kwa kuwa anajichoma saa saba mchana na saa saba usiku. Mwanafunzi alituuliza, "Mwalimu, hapa kosa ni la nani?"

Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala hii. Lengo letu ni kueleza jinsi kumbukumbu za wagonjwa zinavyotumika kukagua kama dawa za kibiolojia zimetolewa ipasavyo, na kuonyesha kwamba kazi hiyo ni kazi ya lugha pia.

Dawa za kibiolojia ni zipi?

Hizi ni dawa zinazotokana na viumbe hai au chembe hai. Mifano yake ni insulini, chanjo, dawa ya sumu ya nyoka na kingamwili zinazotengenezwa maabara. Nyingi hutolewa kwa sindano, na nyingi huhitaji kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Aidha, kingamwili hulenga kitu kimoja tu mwilini. Ikilenga adui asiye yule, haimsaidii mgonjwa hata kama imetolewa kwa uangalifu wote.

Mfano wa jirani zetu

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa Ebola. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 ugonjwa huo ulienea Kivu Kaskazini na Ituri, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. Mwezi Juni 2019 ulivuka na kufika Kasese, na wagonjwa wakahudumiwa Bwera.

Wakati huohuo, kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, wagonjwa 681 huko Kongo waliingizwa katika utafiti wa dawa nne uliojulikana kama PALM. Tatu kati ya dawa hizo zilikuwa za kingamwili. Siku 28 zilipotimia, waliopewa mAb114 walikuwa wamefariki asilimia 35 hivi, na waliopewa REGN-EB3 asilimia 34 hivi. Kwa ZMapp ilikuwa takriban asilimia 50, na kwa remdesivir, ambayo si dawa ya kibiolojia, takriban asilimia 53. Tofauti hiyo ilionekana kwa sababu kila mgonjwa alikuwa na kumbukumbu: siku alipoanza kuumwa, jibu la maabara, dawa aliyopewa na mwisho wake.

Hata hivyo, kingamwili hizo mbili zinafaa kwa kirusi cha Ebola cha aina ya Zaire tu. Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, kirusi kilikuwa cha aina ya Sudan, na dawa zilizookoa watu Kongo hazikuwa na msaada. Kwa hiyo neno "Ebola" peke yake katika faili halitoshi kuhalalisha dawa. Lazima aina ya kirusi iandikwe.

Ukaguzi unavyofanyika

Kwanza wakaguzi hukubaliana juu ya kanuni, yaani ni mgonjwa yupi anayestahili dawa ipi na kwa kiasi gani. Pili huchukua mafaili ya kipindi fulani bila kuchagua yale mazuri. Tatu huuliza kila faili maswali yaleyale:

1. Sababu ya kutoa dawa imeandikwa?
2. Maabara imethibitisha ugonjwa kabla ya dawa kutolewa?
3. Dozi inalingana na uzito? mAb114, kwa mfano, hutolewa miligramu 50 kwa kila kilo mara moja tu. Mtoto wa kilo 20 hustahili miligramu 1,000. Uzito usipoandikwa, hesabu hiyo haiwezi kukaguliwa.
4. Mgonjwa aliendeleaje baada ya dawa?

Majibu si mawili bali ni matatu: ndiyo, hapana, na haikuandikwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Mkaguzi anayehesabu "haikuandikwa" kuwa "hapana" humlaumu mganga ambaye huenda alifanya kazi yake vyema. Anayeihesabu kuwa "ndiyo" huficha hatari. Njia ya haki ni kuiweka katika safu yake yenyewe, kisha kutafuta kwa nini watu hawakuandika.

Lugha inaingia wapi?

Bwera ni mpakani. Mgonjwa anaweza kuja na karatasi ya Kifaransa kutoka Kongo, akazungumza Lukonzo au Kiswahili na muuguzi, kisha akaandikiwa kwa Kiingereza. Katika kila hatua maana inaweza kuponyoka. Tutaje mambo matatu.

Herufi U inayosimama badala ya "yuniti" za insulini ikiandikwa kwa haraka hufanana na sifuri, hivyo "10U" ikasomwa 100. Ni heri kuandika neno zima. Pia bahasha ya dawa ikiandikwa "2x3", je, ni vidonge viwili mara tatu, au vitatu mara mbili? Kiswahili kina kauli safi: "viwili, kutwa mara tatu."

Jambo la tatu ni saa, nalo linaturudisha kwenye daftari la Kasenyi. Mama yule aliambiwa kwa Kiswahili achome saa moja asubuhi na saa moja jioni, kabla ya kula. Muuguzi akaandika "1.00" mara mbili, na msomaji wa pili akaisoma kwa saa za Kiingereza. Mama hakukosea hata siku moja. Lakini kama angeyafuata yale yaliyoandikwa, angejichoma saa saba usiku bila chakula, na insulini bila chakula huweza kushusha sukari hadi mtu azimie.

Tulimjibu mwanafunzi wetu kwamba dawa ilikuwa sahihi na mgonjwa alikuwa sahihi. Kilichokosea ni maandishi. Tuliliandika upya agizo lile pamoja naye, "saa moja asubuhi (7.00) na saa moja jioni (19.00)", akalipeleka kituoni likathibitishwa.

Zoezi kwa madarasa yetu

Tunawashauri walimu watunge kumbukumbu za mfano, wawape wanafunzi wazijaribu kwa maswali manne yaliyotajwa, kisha waziandike upya kwa Kiswahili kisicho na utata. Wasitumie daftari halisi la mgonjwa bila ruhusa yake, kwani Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inalinda habari hizo. Mifano mtakayopata darasani tutaipokea kwa furaha katika toleo lijalo.