Fundi wa chini anayelinda ndege angani

MNAMO Machi 5, 2024, ndege mbili ziligongana angani karibu na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Ile ndogo, Cessna ya mafunzo, ilianguka na watu wawili waliokuwa ndani wakafa. Ile kubwa ilirudi uwanja wa Wilson na watu wote 44 wakashuka salama.

Kwani ndege hazionani? Huonana kwa macho ya rubani, na pia kwa redio. Kifaa cha kutambua ndege zilizo karibu huuliza kwa masafa ya megahezi 1030, na transponda ya ndege ya pili hujibu kwa 1090. Muda wa jibu kurudi huonyesha umbali. Kimo cha ndege huja ndani ya jibu lenyewe. Upande ambao ndege iko hutambuliwa na antena iliyofungwa mgongoni mwa ndege, na hapo ndipo fundi huumiza kichwa.

Kifaa kipya kikishafungwa, unabonyeza kitufe cha kujipima nacho kinakuambia kwa sauti kwamba mambo ni sawa. Mwenye haraka angeenda zake chai. Lakini antena nyingi za aina hii huwa na kebo nne, kila moja na rangi yake. Ukichomeka mbili vibaya, ndege iliyo kulia inaweza kuonekana kwenye skrini iko kushoto. Rubani anachungulia huku, hatari inakuja kule. Bora skrini ingekuwa tupu! Vifaa vingine hugundua kosa hilo vyenyewe, ila fundi makini hategemei hilo.

Kwa hivyo ndege husukumwa nje, mbali na karakana za mabati zinazorudisha mawimbi. Fundi huweka kisanduku cha majaribio mbele ya ndege, kisha kulia, nyuma na kushoto. Kisanduku hicho huigiza ndege inayokaribia, huku mwenzake aliye kwa kiti cha rubani akisema anachoona.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Ili kupima transponda, fundi huidanganya ndege kwamba iko, tuseme, futi 10,000, ilhali imeegeshwa Wilson, takriban futi 5,500 juu ya bahari. Asipofunika antena kwa kofia maalumu ya kuzuia mawimbi, ndege inayopita juu inaweza kuona “ndege” ambayo haipo, na rubani akaamriwa apande au ashuke ghafla. Akiwa na abiria.

Na rubani hatabishana na amri hiyo. Julai 1, 2002, ndege mbili ziligongana juu ya Überlingen, Ujerumani, na watu 71 wakafa. Kifaa kilimwambia rubani mmoja apande, mwongozaji aliye chini akamwambia ashuke, naye akashuka. Tangu hapo sheria ya kimataifa imewekwa wazi: kifaa kikiamuru, kifuate hata kama mwongozaji anasema vingine. Basi lazima awepo mtu wa kuhakikisha kwamba kifaa hakidanganyi.

Wewe unayependa fizikia na umeme, kazi hii ipo. Mafunzo ya uhandisi wa ndege hutolewa katika chuo cha usafiri wa anga kilichoko Embakasi, na leseni hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Bila leseni hiyo huwezi kutia sahihi kwamba ndege iko tayari kuruka.