Kompyuta kuukuu, waya mbovu na jirani mwema

Kijana wa siku hizi akikosa mtandao kwa dakika moja huona dunia imesimama. Sisi tulioanza kuutumia kwa waya wa simu tulizoea kungoja. Tulikuwa tukipiga namba, tukisikiliza modemu ikilia kama jogoo aliyekabwa koo, kisha tukimwomba Mungu laini isikatike. Kisa ninachotaka kumsimulia msomaji leo ni cha mwaka 2001, mjini Garissa, ambako mimi, mtu wa pwani, nilikuwa nikisomesha.

Huduma kamili ya intaneti iliingia Kenya mwaka 1995. Shirika la Posta na Simu lilivunjwa mwaka 1999, na nyaya za simu zikarithiwa na Telkom Kenya. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 370, na huko ndiko nilikokuwa nikipiga simu ili kuupata mtandao. Gharama ilikuwa ikienda hata kama hapakuwa na herufi moja iliyopita.

Kompyuta yangu ilikuwa ya mkono wa pili, niliyoletewa na mjomba kutoka Dubai. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 16 na programu ya Windows 95. Umeme wa mji siku zile ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, vumbi lilikuwa halina msimu, na joto la mchana lilitosha kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika.

AMANA YA HAJI

Jumatatu moja, baada ya sala ya alasiri, alinijia jirani yangu, mzee wa Kisomali aliyekuwa akiuza ng'ombe mnadani.

"Maalim," akaniambia, "binti yangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo. Chuo kinataka jibu na picha ya cheti chake kabla ya Alhamisi usiku. Barua ya posta haitawahi. Nasikia mashine yako hupeleka barua kwa dakika."

"Inshallah, Haji," nikamjibu. Nilijibu upesi kuliko nilivyofikiri.

Cheti kilikuwa kimekwisha pigwa picha katika ofisi moja mjini na kutiwa kwenye diski. Uzito wa picha ulikuwa kilobaiti 900. Sasa msomaji, picha ikitiwa ndani ya barua pepe hugeuzwa kuwa herufi, na uzito wake huzidi kwa thuluthi. Zile 900 zikawa 1,200. Laini yangu, ikiwa na afya, ilipitisha kilobaiti 3 kwa sekunde. Piga hesabu: sekunde 400, karibu dakika 7. Na laini ile ilikuwa ikikatika kila baada ya dakika tatu au nne. Barua ikikatika njiani, huanza upya tangu mwanzo.

Nikafanya kosa la wengi, nikailaumu kompyuta. Jumanne nzima niliifungua, nikapuliza vumbi kwenye feni, nikafuta mafaili yasiyo na kazi, nikaipanga upya diski yake. Ikawa nyepesi kufunguka, lakini usiku laini ikakatika vile vile. Nilikuwa nimemwogesha punda ilhali mashimo yako njiani.

SIKIO KABLA YA MKONO

Jumatano nikamwendea mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa simu. Hakuuliza habari za kompyuta hata kidogo. Aliniuliza, "Umeisikiliza laini yako?"

Akanifundisha jambo ambalo hata leo nalishukuru. Inua mkono wa simu, bonyeza namba moja tu ili ule mlio wa kawaida unyamaze, kisha tega sikio. Laini nzima huwa kimya. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, waya wa simu unalala karibu na waya wa umeme. Ukisikia mikwaruzo kila waya unapoguswa, kiungo kimelegea au kimeshika kutu. Na ukisikia mambo mengine, tafuta yalikotoka.

Nilirudi nyumbani nikasikiliza. Mvumo ulikuwapo, na mikwaruzo ilikuwapo. Waya wangu wa simu ulikuwa na urefu wa mita kumi, nao nilikuwa nimeusokota pamoja na waya wa umeme ili chumba kipendeze. Nikauondoa, nikatia mfupi unaotoka moja kwa moja kwenye tundu la kwanza la simu. Simu ya pili iliyokuwa chumbani nikaichomoa, maana kila kifaa kinachoning'inia kwenye laini hunyonya nguvu yake. Viungo nikavikwangua kwa kisu na kuvikaza. Mvumo ukaisha, mikwaruzo ikaisha.

Fundi yule alikuwa ameniambia pia nipunguze mwendo. Nilimshangaa. Mtu anayetaka kwenda haraka hupunguza mwendo? Lakini ndivyo ilivyo. Modemu mbili zikikutana hukubaliana mwendo kwa kadiri ya usafi wa laini. Kelele ikizidi, husimama na kuanza kupatana upya, na wakati huo hakuna herufi inayopita. Modemu yangu ilikuwa ikijitapa kwa 33,600, kisha ikikwama kila mara. Kwa amri iliyoandikwa katika kitabu chake niliifunga isizidi 26,400. Namba ilishuka, lakini barua zikaanza kufika upesi zaidi. Mwenda pole hajikwai.

Wenzangu wengi siku zile walitumia fedha kununua modemu za 56,000 wakidhani watapaa. Modemu hizo za mtindo wa V.90, uliotoka mwaka 1998, zilitaka laini ya dijitali tangu kwa mwuza intaneti hadi kituo cha simu cha mteja. Tena mwendo ule ulikuwa wa kupokea tu, kupeleka hakukuvuka 33,600. Kwa shida ya Haji, modemu mpya isingefaa kitu.

Mwisho nikaupunguza mzigo. Nikakipeleka cheti kipigwe picha tena, safari hii kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kilobaiti 900 zikawa 150, na ndani ya barua zikawa 200. Sekunde 70 hivi zingetosha.

SAUTI YA BATA

Alhamisi, baada ya magharibi, Haji akaja na binti yake. Nikapiga namba, modemu ikalia, tukaungana. Barua ikaanza kwenda. Baada ya sekunde 40 ikakatika. Nikarudia, ikakatika. Mara ya tatu hali ikawa ile ile. Binti yule hakusema neno. Alikuwa ameshika bahasha yenye cheti chake kwa mikono miwili.

Nikakumbuka maneno ya fundi, nikainua mkono wa simu. Ndani ya laini nikasikia sauti kama ya bata aliyefungiwa kwenye mtungi. Ikanyamaza, ikaanza tena. Haji akachukua simu akasikiliza, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Hii ni taar," akasema.

Taar ndilo jina ambalo Wasomali huiita simu ya upepo. Kabla ya simu za mkononi kuenea Kaskazini Mashariki, mashine hizo ndizo zilizowaunganisha watu waliotawanyika katika miji, kambi na nchi za jirani, na wenye kutuma fedha kwa hawala walizitegemea. Duka lililopakana nami lilikuwa nayo, na waya wake wa kurushia mawimbi ulipita juu ya paa langu, sambamba na waya wangu wa simu. Kila mtu alipobonyeza kitufe ili aseme, waya wangu ulipokea mawimbi kama antena, na modemu ikapotewa.

Tukaenda dukani. Palikuwa na watu saba wanaongoja, kila mmoja na lake. Mama mmoja alitaka habari za mwanawe aliyekuwa Kismayu. Nikaona haya. Ni nani aliyesema shida yetu ni kubwa kuliko yake?

Mwenye duka alinisikiliza. "Dakika ngapi, maalim?"

"Tano."

Akawageukia wateja wake, akawaeleza kwa Kisomali. Yule mama ndiye aliyejibu kwanza. Haji alinifasiria alipokuwa akinivuta tuondoke mbio: "Asema msichana atangulie, mwanawe atangoja."

Nikapiga namba. Mkono wa simu nilioutega dakika moja kabla ulikuwa kimya kabisa. Barua ilikwenda kwa sekunde 80. Tulipotazama saa, tulikuwa tumetumia dakika tatu katika zile tano. Haji hakusema mengi. Aliagiza birika mbili za chai ya maziwa zipelekwe dukani.

Jibu la chuo lilikuja Jumamosi. Binti alikwenda, akasoma, akarudi akawa muuguzi.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2009 mikonga ya chini ya bahari ilifika Mombasa, na nyaya za kioo zikavutwa hadi Garissa. Leo watu wengi hupata intaneti kwenye simu za mkononi. Lakini Kaskazini Mashariki ni pana, na katika miaka ya karibuni minara kadhaa ya simu imelipuliwa na washambulizi huko Mandera, Wajir na Garissa, vijiji vikarudi kuwa kimya. Basi wapo bado watu wanaokaa na mtandao mwembamba na kompyuta ya zamani.

Kwao, na kwa yeyote anayetaka kukimbilia dukani kununua mashine mpya, nasema hivi: kwanza sikiliza njia, kisha punguza mzigo, kisha punguza mwendo. Ikishindikana, toka nje ukamsalimu jirani.