Pikipiki na motopompe zikipumzika: tutunze tanki na karburateri



Mvua ikishika kabisa, barabara nyingi za kwenda mashambani zinakuwa matope matupu, na pikipiki ya koperative inasimama mu depo wiki nyingi. Motopompe nayo, ile iliyonywesha mboga wakati wa kiangazi, haina kazi tena. Watu wanaingiza mashine ndani, wanafunga mlango, wanakwenda kulima. Kisha mavuno yanafika. Tunataka kwenda kupima maharagi kwa wanachama wa mbali, mtu anapiga kiki mara ishirini, pikipiki inakataa. Wakati tunatafuta fundi, mnunuzi amekwisha kupita nyumba kwa nyumba na bei yake mwenyewe.

Mara mingi ubaya hauko mu moteri. Uko mu esanse iliyoachwa mu tanki na mu karburateri. Kazi ya kuzuia ubaya huo inaomba saa moja hivi, na vyombo vyake si vya bei kali. (Hapa tutasema "pikipiki", ili neno "moto" libaki kwa moto ule wa kuunguza. Wote wawili watakuwa mu habari hii.)

Kwa nini esanse inaharibika?

Esanse si kama maji, inazeeka. Sehemu yake nyepesi, ile inayowaka haraka na kuamusha moteri asubuhi ya baridi, inaruka na hewa. Sehemu inayobaki inakutana na hewa na joto, inageuka pole pole kuwa kitu cha kunata, kama utomvu wa mti. Mu tanki iliyojaa inachukua miezi. Lakini mu kikombe cha chini cha karburateri esanse ni kidogo sana, kwa hiyo inaharibika mapema, ndani ya wiki chache.

Na huko ndiko kuko jikleri, vile vitundu ambavyo esanse inapitia. Kitundu cha jikleri ndogo hakifiki hata nusu ya milimeta. Utomvu kidogo tu unakiziba.

Adui wa pili ni maji. Tanki ikibaki nusu, juu ya esanse kuko hewa. Usiku wa baridi, zaidi kwetu kwenye milima, unyevu wa hewa ile unageuka matone ku ukuta wa tanki. Maji ni mazito kuliko esanse, yanashuka chini kabisa, na hapo chuma kinaanza kupata kutu. Kutu inafuata esanse mpaka mu karburateri.

Angalia kwanza esanse unayonunua

Wengi wetu tunanunua esanse kwa bakadafi kando ya barabara. Kuko wauzaji wazuri, lakini bidoni inapita mikono mingi na maji yanaweza kuingia. Jaribu hivi: mimina kidogo mu chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iache dakika kumi bila kuitikisa. Kama kuko maji, utaona mstari: maji chini, esanse juu. Kama kuko uchafu, utaukuta chini. Esanse ya namna hiyo usiitie mu mashine, na zaidi usiitie mu mashine ambayo inakwenda kulala.

Itapumzika wakati gani?

Jibu la swali hilo ndilo linaonyesha kazi ya kufanya.

• Chini ya mwezi mmoja: funga robine ya tanki, toa esanse yote mu kikombe cha karburateri. Imetosha.
• Mwezi mmoja mpaka mitatu: jaza tanki mpaka karibu na mdomo na esanse mpya, safi, ili hewa isipate nafasi. Kisha funga robine na utoe esanse ya karburateri.
• Zaidi ya miezi mitatu: toa esanse yote, mu tanki na mu karburateri.

Kama depo haifungwi vizuri, toa yote hata kwa miezi miwili. Tanki iliyojaa ni kishawishi kwa mwizi, na esanse iliyoibwa inaleta masengenyo kati ya wanachama.

Hatua kwa hatua

Tayarisha: turnevisi, kle ya buji, bidoni safi yenye kifuniko, entonwari, kitambaa, na mafuta ya moteri kidogo.

1. Fanya kazi inje, ku mwangaza wa mchana. Moteri iwe imepoa. Hakuna sigara, hakuna jiko karibu, hakuna lampe ya petrole. Mvuke wa esanse hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka unakuta moto. Watoto wakae mbali.

2. Funga robine. Chini ya kikombe cha karburateri kuko visi ndogo ya kutolea esanse. Weka chombo chini, legeza visi, acha esanse ishuke yote, kisha uifunge tena pole pole bila kuikaza sana. Kama visi haionekani, amusha moteri na robine imefungwa, iache izime yenyewe. Njia hiyo ni nzuri kidogo tu, maana tone fulani linabaki chini.

3. Kama unatoa esanse ya tanki, chomoa tuyo ku karburateri, uielekeze mu bidoni, ufungue robine. Usivute esanse na mdomo! Ikiingia mu mapafu inaweza kuua mtu.

4. Tanki ikiwa tupu, mimina mafuta ya moteri kama kikombe kidogo cha chai. Funga, ukiweza uitoe tanki na kuigeuza pande zote ili mafuta yapake chuma chote. Yale yanayobaki uyatoe.

5. Toa buji. Tia mafuta ya moteri kijiko kimoja kidogo mu tundu lake. Kontakti ikiwa imezimwa, sukuma kiki na mkono mara tatu ine, kisha rudisha buji. Hiyo inalinda silinda na kutu.

6. Chomoa waya wa batri, kwanza ule wa alama ya kutoa (–). Ikiwezekana, batri ishajiwe mara moja kwa mwezi.

7. Ziba mdomo wa bomba la moshi na kitambaa kilichopakwa mafuta. Nyigu na panya wanapenda sana nafasi ile. Funga kitambaa cha rangi ku mkono wa pikipiki, ili mtu asisahau kukitoa.

Kwa motopompe ya esanse ni vilevile: robine, kikombe cha karburateri, tanki, buji. Ongeza jambo moja: toa maji yote mu pompe yenyewe na usafishe mchanga. Lakini kama pikipiki yenu ni ya mtindo mpya wa injeksio, isiyo na karburateri, usiifanyie kazi hii. Ijaze tanki tu, na mengine mwulize fundi.

"Sisi tunaiwasha dakika tano kila juma"

Tunasikia hivyo mara mingi. Nia ni nzuri, lakini dakika tano hazifai. Moteri haipati joto ya kutosha, na maji yanayotoka mu kuungua kwa esanse yanabaki mu bomba la moshi na mu mafuta ya moteri. Kama barabara inaruhusu, mtu apande pikipiki, atembee nusu saa nzima. Kama hairuhusu, iache ilale vizuri.

Esanse iliyotolewa iende wapi?

Kama ni safi, iwekwe mu bidoni iliyofungwa vizuri, yenye tarehe, mahali pa baridi na kivuli, mbali na nyumba ya kulala, na mbali na mbegu, mbolea na chakula. Itumiwe mu mashine ingine ndani ya mwezi. Lita zake ziandikwe mu kaye ya koperative, na watu wawili watie sinyatiri. Lita kumi ni pesa ya wanachama wote.

Kama imeharibika, inanuka kama verni na rangi yake imekuwa nyeusi-nyeusi. Usiimwage mu shamba wala karibu na mto, maana inaua udongo na inaharibu maji ya kunywa. Usiitie mu lampe wala ku jiko: inalipuka. Ipeleke kwa fundi, anaweza kuoshea vyuma.

Siku ya kuamusha

Usingoje siku ya soko. Fanya kazi hii wiki mbili mbele ya mavuno, ili kama kuko kasoro mpate wakati wa kuitengeneza.

Toa kitambaa ku bomba la moshi. Rudisha batri. Kama tanki ilipakwa mafuta, isuuze na esanse kidogo, uitoe, kisha tia esanse mpya. Fungua robine, ngoja dakika moja, angalia kama hakuna mahali panapovuja. Vuta starteri, piga kiki. Moshi wa bluu mwanzoni usikutishe, ni yale mafuta ya silinda yanayoungua.

Kama inawaka na starteri tu, na ukiirudisha inazima, jikleri ndogo imezibwa. Fundi aitoe, aioshe na esanse safi, aipulizie hewa. Mkatazeni kupitisha waya wa chuma. Waya unapanua kitundu, na tangu siku ile pikipiki itakula esanse bila kipimo.

Nani anafanya?

Hapa ndipo koperative nyingi zinaanguka. Mashine ni ya wote, kwa hiyo kila mtu anafikiri kwamba mwenzake ameiangalia. Tunashauri mkutano wa komite uchague watu wawili kwa jina, mmoja wa kufanya na mmoja wa kuhakikisha. Mu kaye waandike tarehe mashine ilipolazwa, esanse ilikuwa lita ngapi, nani alifunga, na nani ameshika ufunguo.

Ndugu, pikipiki hii ndiyo inafikisha mbegu kwa mama mwenye shamba nyuma ya mlima, na ndiyo inaleta habari ya bei ya kweli kutoka soko kubwa. Ikikataa kuwaka wakati wa mavuno, anayefurahi ni yule anayetaka kununua kilo yetu kwa bei ya chini. Tuilaze vizuri, ili ituamkie siku tunayoihitaji.