Kasa naye ana kichocho chake

Wadau, ukiona kasa anaelea tu, kupiga mbizi hawezi, huyo huenda anaumwa. Wengi tunalaumu ruba waliomganda mwilini. Hao ni wa nje, wakitiwa kwenye maji yasiyo na chumvi wanakufa. Noma iko ndani: minyoo bapa wanaoishi kwenye moyo na mishipa ya damu, ndugu kabisa wa minyoo ya kichocho. Mayai yao husambaa na damu, yanakwama mpaka kwenye ubongo. Dawa? Prazikwanteli, ileile ya kichocho chetu! Kwa hiyo mvuvi, usimkwangue wala usimsukume arudi majini. Kama uko Watamu, Kenya, wapelekee Local Ocean Conservation, wana kituo cha kutibu kasa.