Kanga Uwanjani, Ujumbe Mfukoni

Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya 1985 kwa vifungu ambavyo mitaani vilijulikana kwa neno moja: takrima. Mgombea aliyewakirimu watu kwa nia njema na kwa desturi hakuhesabiwa kuwa amehonga. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta, baada ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika mengine mawili kufungua shauri, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na kitu. Anayetaka kuyachunguza maadili ya kampeni za leo, hata hizi za kwenye simu, aanzie kwenye hukumu hiyo.

Watetezi wa takrima walisema ni mila. Mila ipi? Kwetu mwenyeji ndiye humkirimu mgeni. Hapa mgeni amekuja kuomba, na yeye ndiye anayepakua pilau, tena mara moja kila miaka mitano. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba mpiga kura si mjinga: atavaa kanga ya huyu, atapokea kilo ya sukari ya yule, kisha atamchagua amtakaye, maana kura ni siri. Ni kweli, wengi hufanya hivyo. Ila hoja hiyo inamtazama mlaji peke yake. Haimwoni mwalimu wa shule ya msingi ambaye angefaa kugombea lakini hawezi kununua hata gunia moja la mchele.

Sasa tuvuke mpaka. Katika uchaguzi wa Kenya wa 2017 ilisambaa mtandaoni video iliyoichora Kenya ya mwaka 2020 kama nchi iliyoangamia chini ya Raila Odinga, mgombea wa upinzani. Haikusema nani ameilipia. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International lilieleza kwamba kazi hiyo ilitoka kwa Harris Media, kampuni ya Texas. Miezi michache baadaye kigogo wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya data za kampeni, alinaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Uingereza akijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za Uhuru Kenyatta, mshindani wa Odinga. Wapo wanaosema majigambo hayo yalikuwa ya kutafutia wateja, na kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa ujanja huo uligeuza kura. Huenda wako sahihi. Lakini mwizi aliyekuta mfuko mtupu bado aliingiza mkono.

Kwa hili takrima, pamoja na ubaya wake, ilikuwa na nafuu: ilionekana. Mpinzani aliweza kuhesabu masufuria, mwandishi akapiga picha ya fulana, shahidi akapanda kizimbani. Tangazo linalolenga simu ya mtu mmojammoja humwambia huyu ahadi, jirani yake hofu, na hakuna kati yao anayejua mwenzake kaambiwa nini, sembuse mtafiti mwenye daftari lake. Mwaka 2018 Facebook ilianza kuweka hifadhi ya matangazo ya kisiasa ambayo yeyote anaweza kuipekua, na hiyo ni hatua. Lakini meseji ya kawaida, au sauti inayorushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, haimo katika hifadhi hiyo, na huko ndiko kampeni zetu zinakofanyika kwa kiasi kikubwa.