Wawindaji wa Bata Mzinga Katika Mwaka wa Mafuriko

Katika vijiji vya jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, kuna familia ambazo mwaka wao hugeuka tarehe 15 Machi. Siku hiyo ndipo msimu wa kuwinda bata mzinga mwitu unapofunguliwa, hadi tarehe 1 Mei. Kwa wiki hizo watu huamka usiku wa manane, hunywa kahawa wakiwa wamesimama, kisha huingia msituni nyota zikiwa bado angani.

Bata mzinga hulala juu ya miti. Kunapokaribia kupambazuka, dume huwika kuwaita majike. Mwindaji huigiza mlio wa bundi. Dume hushtuka na kujibu, na kwa jibu hilo ameshaonyesha alipo. Mwindaji husogea kwa tahadhari, huketi ameegemea mti mpana kuliko mabega yake, kisha huanza kutetea kama jike. Kazi iko hapo. Kwa maumbile ya ndege hawa, jike ndiye humfuata dume, naye mwindaji anataka dume ndiye amfuate. Saa nzima yaweza kupita bila hata unyayo kusikika, na anayejikuna tu ameharibu asubuhi yake.

Vyombo vya kuigizia sauti hurithishwa. Kilichopendwa zaidi ni kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kusugulia kilichopakwa chaki. Henry Gibson wa Dardanelle, Arkansas, alikipatia hataza mwaka 1897. Kabla yake, wenyeji wa asili wa Amerika walikuwa wakivuta sauti ya jike kwa mfupa wa bawa la ndege yuleyule. Mavazi nayo yana mwiko wake: havaliwi nyekundu, nyeupe wala buluu, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mtu aliyezivaa vichakani anaweza kupigwa marisau na mwenzake.

Mvua huvuruga utaratibu huu wote. Kisanduku kikilowa huwa bubu, ndiyo maana wazee hukitia katika mfuko wa plastiki wa mkate na kuingiza mkono humohumo kukisugua. Madume nao hunyamaza. Msitu unaodondosha matone huziba masikio ya ndege, asimsikie adui anayenyemelea. Basi hutoka akaenda mahali peupe anapoweza kutegemea macho. Kijana anayefundishwa huambiwa mapema kwamba mvua ikianza ahamie ukingoni mwa shamba, asubiri.

Lakini mvua ya siku moja si kitu mbele ya mafuriko. Mwaka 2019, nyanda za chini kaskazini mwa mji wa Vicksburg zilikaa chini ya maji kwa miezi kadhaa. Mto Mississippi ulipojaa, malango ya kuuzuia usirudi nyuma yalifungwa, na mvua iliyonyesha ndani ya matuta ya kuzuia mto ikakosa pa kutokea. Ekari zaidi ya 500,000 zilifunikwa, misitu na mashamba pamoja, na msimu wote wa bata mzinga ukaangukia katikati ya maji hayo. Wanyama walijibana juu ya matuta na vilima vichache vilivyobaki. Bata mzinga anaweza kukaa juu ya miti kwa siku nyingi akila machipukizi na kuruka toka mti hadi mti, lakini hana pa kujificha.

Hapo ndipo mila hupimwa. Mtu mwenye mashua angeweza kumfikia ndege aliyezingirwa na maji na kumwangusha bila jasho. Kanuni ya wazee haikubali. Ndege hapigwi akiwa amelala mtini, na aliyebanwa na maji haguswi. Sheria ya Mississippi nayo inasimama upande huo: mwindaji haruhusiwi kumvuta bata mzinga kwa nafaka, haruhusiwi zaidi ya dume mmoja kwa siku na watatu kwa msimu, na mtu mzima asipige dume mchanga ambaye ndevu za kifuani hazijafika inchi 6. Yapo pia majimbo yanayofunga uwindaji wa nyanda za chini mto unapofikia kipimo kilichowekwa.

Ukali huu una historia. Uwindaji usio na mipaka na ukataji wa misitu viliwamaliza ndege hawa karibu kote, hata kufikia miaka ya 1930 wengi waliamini wangetoweka. Sheria ya mwaka 1937 ikaelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Wataalamu wakawanasa waliosalia kwa nyavu za kufyatuliwa na kuwahamishia misitu mitupu. Mwaka 1973 wawindaji wenyewe wakaanzisha shirikisho la taifa la kuwatunza. Leo wanahesabiwa kwa mamilioni.

Mafuriko yanaweza kurudisha nyuma kazi hiyo. Jike hutaga chini, mayai kama 10 hadi 12, na kuyaatamia siku 28. Maji yakipanda, kiota kimekwenda. Jike anaweza kutaga tena, lakini vifaranga wa kuchelewa huanza maisha kwa shida, na kifaranga asiyeweza kuruka akilowa hufa kwa baridi. Hivyo kila ndege anayenusurika mwaka wa maji ndiye mbegu ya miaka ijayo.

Nyumba za kambi zilizojengwa juu ya nguzo kando ya mto hukaa bila kazi mwaka kama huo. Hata hivyo kambi isiyowinda bado inaweza kulea: babu akimfundisha mjukuu kusugua kisanduku mpaka mlio utoke sawasawa, amewinda vya kutosha. Jamii inayoishi kwa kuwinda inastahili heshima pale inapojua lini isiwinde. Nasi tulio na misitu yetu na wanyama wetu tuwafundishe watoto wetu hivyo hivyo, kabla maji hayajapanda.